Je, Kitu cha Ibada Chaweza Kuuzwa?



Arusha ni mji wa wageni. Kila mwaka watu wengi sana kutoka nchi za mbali hupita hapa wakielekea Serengeti, Ngorongoro na mlima Kilimanjaro, na kabla ya kurudi makwao hutaka kitu cha kuwakumbusha safari yao. Kwa hiyo mtu atokaye Njiro kwenda katikati ya mji hana haja ya kutafuta sana. Shanga, mikuki, ngao, vibuyu na vinyago vya Kimakonde, vyote vimepangwa mbele ya macho yake. Biashara hiyo hatuilaumu hata kidogo. Fundi achongaye kinyago ili akiuze, na mama atungaye shanga ili apate karo ya mtoto wake, hula jasho lao kwa haki, na kazi ya mikono yao yastahili sifa.

Lakini yaweza kutokea kwamba kati ya vitu hivyo vya soko aingie mgeni, yaani kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya soko. Yaweza kuwa bangili ya mzee aliyekwisha kufa, au fimbo iliyoshikwa katika baraka, au kibuyu kilichotumiwa katika sherehe ya ukoo. Kijana mwenye shida amekileta chini ya shuka, mwenye duka amekipokea, na mtalii amekipenda kwa sababu ni cha kale. Watu watatu wamepatana bei, wala hakuna aliyelazimishwa. Je, jambo hili ni halali? Na mtu asiyeamini imani ya wazee waliokitengeneza kitu hicho, je, yampasa kukiheshimu kwa namna yoyote?

Swali hili si la wenye maduka peke yao. Hapana budi siku moja lifike katika kila nyumba ambamo babu amefariki na sanduku lake likafunguliwa. Yafaa basi tulifikiri pamoja, nasi tutaanza na habari iliyotokea karibu na kwetu.

BANGILI ILIYOFIKA OXFORD

Mwaka 1884, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, lilianzishwa jumba la makumbusho liitwalo Pitt Rivers. Jumba hilo limekusanya vitu kutoka pande zote za dunia, na kati yake vimo vitu 188 vya Wamaasai. Mwaka 2017 alifika huko Bwana Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo katika mkoa wetu huu wa Arusha. Alipotazama vitu vya watu wake ndani ya vioo, alistaajabu kuona baadhi ya vitu ambavyo kwa desturi ya Kimaasai havitoki nyumbani. Akauliza: vilifikaje hapa? Wenye jumba hawakuweza kumjibu.

Kwa bahati njema hawakumfukuza wala hawakumbeza. Mwaka 2018, na tena mwanzoni mwa mwaka 2020, wajumbe wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya walialikwa Oxford wavitazame vitu hivyo kimoja kimoja. Katika safari ya pili alikuwamo mtoto wa oloiboni mkuu, yaani kiongozi wa mambo ya ibada, aliyetumwa na baba yake. Wajumbe walitenga vitu vitano. Vingine vyote, walisema, vyaweza kuwa vilinunuliwa au kutolewa kwa hiari, lakini hivi vitano sivyo. Kimojawapo ni bangili iitwayo orkatar. Bangili hiyo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe baba anapofariki, na kwa hiyo kizazi chafungwa na kizazi. Haiuzwi, wala haipewi mgeni. Kwa hesabu ya Wamaasai, orkatar ikionekana mikononi mwa mtu wa nje, maana yake ni msiba: ama mwenyewe aliuawa, ama aliporwa.

Baada ya hapo zilitafutwa koo ambazo vitu hivyo vilitoka kwao. Mwaka 2023 wakuu wa jumba lile walisafiri hadi Kenya na Tanzania, wakaketi na wazee, na ng'ombe wakatolewa kwa familia. Tukumbuke kwamba kwa sheria ya kale ya Wamaasai, ng'ombe ndio wanaolipwa kwa damu ya mtu, nao ni 49. Watu wa chuo kikuu cha Oxford walikubali kusema kwa lugha ambayo waliodhulumiwa wanaielewa, na hapo ndipo upatanisho ulipoanza.

Habari hii ina fundisho moja ambalo twaomba msomaji alishike. Bangili ile ilikuwa imetunzwa vizuri. Haikuliwa na kutu, haikupotea, haikuungua kwa moto. Hata hivyo, walioitunza hawakujua wanatunza nini. Walijua namba yake. Hawakujua kwamba nyumba fulani ilikuwa inaomboleza kwa ajili yake.

MAMBO YA JAPANI YA KALE

Hapa twawaomba wasomaji wetu wasafiri nasi mbali kidogo, hadi Japani. Tumeichagua nchi hiyo kwa sababu katika miaka yake 1,400 na zaidi ya historia ya vyombo vya ibada, karibu kila jibu la swali letu limekwisha kujaribiwa huko. Tena, kama tutakavyoona mwishoni, vitu vya ndugu zetu Wakatoliki navyo vimo katika habari hiyo.

Dini ya Buddha haikufika Japani kama maneno matupu. Ilifika kama mzigo wa vyombo. Kitabu cha kale kiitwacho Nihon Shoki, kilichomalizika mwaka 720, chasimulia kwamba mwaka 552 mfalme wa Baekje, katika nchi ya Korea, alimpelekea mfalme wa Japani sanamu ya Buddha ya shaba iliyopakwa dhahabu, bendera za ibada, na vitabu. Maandiko mengine ya kale yasema ilikuwa mwaka 538. Mara moja yalizuka mabishano. Ukoo wa Soga ulitaka sanamu ipokewe. Koo za Mononobe na Nakatomi zilikataa, zikisema miungu ya nchi itakasirika. Sanamu ikawekwa nyumbani kwa mkuu wa Soga. Ugonjwa wa kuambukiza ulipowaua watu wengi, wapinzani waliichukua wakaitupa katika mfereji wa Naniwa, mahali ambapo leo upo mji wa Osaka. Basi hilo ndilo jibu la kwanza: kitu cha imani ngeni kitupwe.

Jibu hilo halikudumu. Mwaka 609 fundi mmoja aitwaye Tori, wa ukoo wa watengenezaji wa matandiko ya farasi uliotoka ng'ambo, alimaliza sanamu kubwa ya shaba kwa hekalu la Asuka. Imeungua na kutengenezwa mara nyingi, lakini ingali mahali pake hata leo. Mwaka 623 akafanya sanamu nyingine kwa hekalu la Horyuji, kwa kumkumbuka mwanamfalme Shotoku aliyefariki mwaka uliotangulia. Katika hekalu hilohilo, ambalo majengo yake ya mbao ni ya kale kuliko yote yaliyosalia duniani, limo kasha la ibada ambalo mafundi walilipamba kwa mabawa ya mdudu mwenye kung'aa rangi ya kijani, wakayaweka chini ya nakshi za shaba. Mtu aweza kuwaza ni siku ngapi walizotumia kuokota wadudu na kupanga mabawa. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya bei.

Lakini tukio kubwa kuliko yote lilikuwa la mwaka 752, katika mji wa Nara. Sanamu ya shaba yenye kimo cha mita zipatazo 15 ilikuwa imesimamishwa katika hekalu la Todaiji. Siku ya sherehe, mtawa mmoja kutoka India, jina lake Bodhisena, alishika brashi kubwa akaichora macho. Kwenye brashi hiyo zilifungwa nyuzi ndefu, na watu waliohudhuria wakazishika, ili mkono wa kila mmoja uwe na sehemu katika kazi ile. Brashi yenyewe ingali katika hazina ya kale iitwayo Shosoin. Tuangalie vema maana ya jambo hili. Kabla ya siku ile palikuwa na shaba nyingi iliyotiwa sura. Tangu siku ile, kwa waumini wa dini hiyo, palikuwa na kitu cha ibada. Kilichokibadili si fundi wala dhahabu, bali tendo la watu waliokusanyika. Hata siku hizi, sanamu ya namna hiyo ikitakiwa kuhamishwa au kutengenezwa, watawa hufanya kwanza ibada ya kuiondolea roho, kisha mafundi wakaigusa, na mwishoni ibada ya kuirudishia.

Karne nyingi zikapita. Mwaka 1868 serikali mpya ya Japani iliamuru dini ya Shinto itengwe na dini ya Buddha. Wako watu walioona wamepewa ruhusa ya kuharibu. Mahekalu yalibomolewa, sanamu za miaka elfu zilichomwa au kuuzwa kwa bei ya kuni na ya chuma chakavu. Horyuji nalo likapungukiwa hata likakaribia kuanguka. Ndipo mwaka 1878 watawa wake walipotoa vitu zaidi ya 300 kwa nyumba ya mfalme, nao wakapewa yeni 10,000, zilizosaidia kulitengeneza hekalu. Vitu hivyo vimo leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Tokyo: sanamu ndogo za shaba, vinyago vya michezo ya kale, na hata vyetezo vya kufukizia ubani, vyenye mpini mrefu.

Miaka sita baadaye, mwaka uleule wa 1884 ambao jumba la Oxford lilianzishwa, Mmarekani Ernest Fenollosa na Mjapani Okakura Kakuzo walifika Horyuji wakiwa na idhini ya serikali. Walitaka wafunguliwe nyumba iitwayo Yumedono, ambamo ilifichwa sanamu ya mti wa mkafuri yenye kimo cha mtu, ambayo hata watawa hawakuwa wameiona kwa muda mrefu sana. Fenollosa aliandika kwamba watawa walikataa wakihofu tetemeko la ardhi, na kwamba sanamu ilikuwa imevingirishwa kitambaa chenye urefu wa karibu mita 450. Mwishowe ikafunguliwa. Dhahabu yake iling'aa kana kwamba imepakwa juzi, maana giza na vitambaa vilikuwa vimeilinda.

Je, Fenollosa alikosa? Tusiwe wepesi kuhukumu. Alikipenda kitu kile kuliko wengi waliozaliwa karibu nacho. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliingia katika dini ya Buddha. Naye ni mmoja wa watu waliofanya kazi iliyosaidia kuleta sheria ya mwaka 1897 ya kuyahifadhi mahekalu ya kale. Lakini hapana shaka vilevile kwamba mlango ule ulifunguliwa kwa nguvu ya barua, si kwa ridhaa ya wenye nyumba. Leo sanamu ile ingali palepale ilipokuwa. Milango yake hufunguliwa kwa majuma machache tu, katika majira ya kuchipua na ya vuli, kisha hufungwa. Dunia yaruhusiwa kutazama, lakini wenye hekalu ndio wapangao saa.

MAJIBU MATATU

Baada ya safari hii ndefu twaweza kuyapima majibu ambayo watu hutoa.

La kwanza ni la mfanyabiashara. Husema: mali ni ya aliyeilipia, muuzaji alikuja kwa miguu yake. Twamjibu hivi. Ili mtu auze kitu kwa haki, ni lazima kiwe chake. Sasa bangili ipitayo kutoka kwa baba kwenda kwa mwana si ya baba wala si ya mwana. Kila mmoja ameishika kwa zamu. Sisi Waswahili tuna neno zuri kwa mali ya namna hiyo: twaiita amana. Mwenye amana akiiuza, hata kama ana njaa, ameuza kisicho chake. Na yule anunuaye akijua kwamba muuzaji ana njaa, naye hakuuliza lolote, ameshiriki katika kosa. Watawa wa Horyuji hawakufanya biashara ya siri. Walitoa vitu vyao hadharani, kwa nyumba ya mfalme, vikiwa pamoja, ili hekalu lisianguke. Kutoa kwa namna hiyo ni mbali sana na kuuza kitu kimoja kimoja gizani.

Jirani zetu wa pwani ya Kenya wanayajua machungu haya. Wamijikenda huwasimamishia wazee wa chama cha Gohu waliofariki nguzo za mti zilizochongwa, ziitwazo vigango. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo alimpiga picha mzee mmoja amesimama karibu na vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye viliibwa. Vyote viwili vilionekana baadaye katika majumba ya makumbusho ya Marekani, na ile picha ndiyo iliyovishuhudia. Vilirudishwa mwaka 2007, baada ya miaka zaidi ya 20.

Jibu la pili ni la msomi. Husema: sanaa iliyo bora ni ya wanadamu wote, na kama haikuwekwa katika makumbusho ingeliliwa na mchwa. Neno hili lina ukweli, wala hatulikatai. Vyetezo vile vya Horyuji huenda vingeyeyushwa zamani kama visingepata mahali pa salama. Lakini msomi na akumbuke ile brashi ya Nara. Kitu cha ibada hakikufanywa na fundi peke yake. Kilifanywa na wote walioshika uzi. Akiwatenga wao na kitu chao, amebaki na shaba. Kwa hiyo haki yake ya kutunza imefungamana na wajibu wa kuuliza, kusikiliza, na pengine kurudisha. Oxford walijifunza hilo wakiwa wamechelewa, lakini walijifunza.

Jibu la tatu latuhusu sisi zaidi, maana ni la muumini mwenye bidii. Husema: hizo ni sanamu za wapagani, hazina maana yoyote mbele ya Mungu wa kweli, kwa nini nizionee haya? Na kweli, Mtakatifu Paulo huwafundisha Wakorintho kwamba sanamu si kitu. Lakini katika barua hiyohiyo awaonya wasiitumie elimu hiyo kuijeruhi dhamiri ya ndugu aliye dhaifu. Kisicho kitu kwangu si ruhusa yangu ya kukanyaga moyo wa mwingine. Tena Matendo ya Mitume yatueleza jambo ambalo wengi hulipita haraka. Ghasia zilipotokea Efeso, karani wa mji, mtu asiye Mkristo, aliwashuhudia wenzake Paulo kwamba hawakuiba vitu vya hekalu wala hawakumtukana mungu wao. Mitume waliihubiri kweli bila kuiba na bila kutukana.

Basi anayedhani kwamba heshima kwa kitu cha ibada cha watu wengine ni kuikana imani yake, na asikie sehemu iliyobaki ya habari za Japani.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549, na kwa muda wa miaka 60 hivi maelfu ya Wajapani wakabatizwa. Mwaka 1614 dini yetu ilipigwa marufuku nchi nzima. Wakristo waliletewa vibao vyenye sura ya Bwana wetu au ya Mama yake, wakaamriwa wavikanyage mbele ya maofisa, aliyekataa alijulikana. Walionusurika walisali kwa siri. Kwa kuwa hawakuthubutu kuwa na sanamu ya Bikira Maria, wengi walichukua sanamu za kauri nyeupe za Kannon, ambaye Wabudha humheshimu kwa huruma yake, aliyechongwa kama mama mwenye mtoto mikononi. Mbele ya sanamu hiyo walimwomba Maria. Mwaka 1856 maofisa wa Nagasaki waliwakamata waumini wa kijiji cha Urakami, wakatwaa sanamu zao. Baadhi ya sanamu hizo zimo leo katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Tokyo, pamoja na vibao vile vya kukanyagwa.

Mkatoliki akisimama mbele ya kioo hicho, aona nini? Msomi aliye karibu naye ataona kauri nzuri ya China. Mfanyabiashara ataona bei. Lakini yeye anaona kitu ambacho mama fulani alikificha nyuma ya ukuta, akakitoa usiku, akawafundisha wanawe kusali. Kisha siku moja mlango ukavunjwa. Angependa mtu apite mbele yake akicheka? Angependa kikaratasi kilicho chini yake kiandikwe "sanamu ya mwanamke" na basi? Tarehe 17 Machi 1865 watu wa Urakami walikwenda katika kanisa jipya la Oura, wakamwuliza Padre Petitjean ilipo sanamu ya Santa Maria. Kwa miaka zaidi ya 200 hawakuwa na padre. Hata hivyo walijua wanatafuta nini.

Uchungu huo tunaoujua sisi ndio aliokuwa nao Mmaasai wa Loliondo mbele ya kioo cha Oxford. Hatusemi kwamba imani zote ni moja. Hilo ni swali jingine, wala Kanisa halifundishi hivyo. Twasema kwamba uchungu wa mtu aliyenyang'anywa kitu cha sala ni mmoja. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, uliitaja dini ya Buddha kwa jina, nao ukatufundisha kutoyadharau yaliyo ya kweli na matakatifu katika dini hizo.

KATIKA NYUMBA ZETU

Maneno haya yatakuwa bure yasipofika nyumbani. Twatoa basi mashauri manne.

Kwanza, kwa anayenunua na anayeuza dukani. Auliza: kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya nini, na nani ameruhusu kitoke? Kikiwa ni kazi ya fundi wa soko, na anunue kwa moyo mweupe wala asimpunje. Kikiwa ni cha ibada au cha ukoo, na aache. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yakataza kupeleka nje ya nchi vitu vya kale na vya mila bila kibali. Lakini mwenye dhamiri njema hangoji polisi wa uwanja wa ndege.

Pili, kwa kijana aliyeachiwa sanduku la babu. Vitu vilivyomo si mshahara wako. Waite wajomba, baba wadogo na shangazi, mkae, muulizane. Huenda ukoo wenyewe utaamua kitu fulani kipelekwe katika makumbusho yetu ya taifa, kitunzwe kwa jina la mzee na maelezo yake kamili. Uamuzi huo ni halali na wa heshima, maana waliokitoa ndio wenyewe.

Tatu, kwa Mkristo ambaye ndugu zake hawajabatizwa, naye amebaki na kitu cha ibada ya wazee. Jambo hili hutaka busara. Hirizi iliyofanywa ili kumdhuru mtu haina heshima, nayo iharibiwe. Lakini alama ya ukoo, bangili ya baba, kigoda cha baraka, hivyo sivyo. Kama dhamiri yako haikuruhusu kuvishika, usivichome kwa siri wala usiviuze. Vipeleke kwa mikono miwili kwa wale ambao kwao bado vina maana, ukawaambie kwa upole sababu yako. Kwa kufanya hivyo utakuwa umeihubiri Injili kuliko kama ungaliwasha moto.

Nne, kwa sisi sote. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yakataza kabisa kuuza masalia ya watakatifu, nayo yaagiza vyombo vilivyowekwa wakfu vitendewe kwa heshima, visitumiwe kwa mambo ya kawaida, hata vikiwa mikononi mwa mtu binafsi. Je, sisi twaifuata? Rozari iliyokatika hutupwa wapi? Sanamu ya Bikira Maria iliyovunjika mkono, si mara nyingine huonekana jalalani pamoja na maganda ya ndizi? Desturi njema ya Kanisa ni kuvichoma vitu hivyo au kuvizika. Mtu asiyejua kukizika kilicho chake hatajua kukiheshimu cha jirani.

Mazungumzo juu ya vitu vitano vya Wamaasai yalianza mwaka 2017, na miaka sita baadaye wazee na wakuu wa Oxford walikuwa wangali wanaketi pamoja. Kuuza kitu kimoja dukani huchukua dakika chache. Ni heri mtu atumie siku nzima kuuliza wazee wake kabla hajakifunga kitu kile katika gazeti na kumkabidhi mgeni, kuliko wajukuu wake watumie miaka kukitafuta katika nchi ambayo yeye hakuijua hata kwa jina.